Daktari asiyejua kusonga ugali atatushauri nini juu ya chakula?

Leo safu yetu ya afya na usafi haitazungumzia ugonjwa fulani, bali itazungumzia wale wanaotutibu magonjwa, na namna wanavyofundishwa. Jambo lenyewe limeanzia jikoni kwa mama yangu mdogo, hapa hapa Kirumba, naye ameniruhusu kulisimulia maadamu simtaji jina.

Mama mdogo anauza samaki wakavu pale Mwaloni. Soko lile mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa: magunia ya dagaa, sangara waliobanikwa, na kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi na kuanikwa mpaka akauka, ambaye wateja wake wakubwa ni wafanyabiashara wanaompeleka Kongo. Mwaka juzi mama mdogo aligundulika kuwa ana presha na kisukari kwa pamoja. Daktari kijana aliyempokea katika hospitali moja ya mjini (siitaji, kwani lililompata lingeweza kumpata popote) alimwandikia dawa, kisha akamshauri kwa adabu kabisa: mama, punguza wanga, punguza nyama nyekundu, na ule samaki kwa wingi.

Mama mdogo akarudi nyumbani na furaha. Samaki si anao? Hata kununua hanunui. Akawa anakula kayabo mchana na usiku kwa muda wa miezi mitatu, na kila alipokwenda kupimwa, presha ilikuwa imepanda. Akaongezewa dawa. Akaulizwa kama anameza dawa kwa wakati. Akaulizwa kama ana mawazo nyumbani. Hakuna aliyemwuliza ni samaki gani anayekula.

Aliyegundua ni kijana mmoja anayesomea udaktari, mpangaji wa nyumba ya jirani, tena aligundua kwa bahati tu. Alialikwa chakula cha mchana siku ya Jumamosi, akafika mapema, na mama mdogo, ambaye hajui kumwona mtu amekaa bure, akamkabidhi kisu na fungu la majani ya kunde ayachambue. Basi kijana akaona kwa macho yake. Kayabo aliingia chunguni bila kulowekwa vya kutosha. Mchuzi ulipochemka ukaongezwa chumvi, kwa mazoea tu, maana mkono umezoea. Kisha kwenye majani ya kunde ikatiwa kitu cheupe kidogo.

"Mama, hii nini?"

"Magadi mwanangu, mboga ilainike. Kwenu hamtumii?"

Kijana yule, ambaye ni mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa ameshafanya mtihani juu ya sodiamu na shinikizo la damu, na alifaulu vizuri. Alijua chumvi inafanya nini kwenye figo na kwenye mishipa. Asilolijua ni kwamba katika nyumba moja ya Kirumba sodiamu inaingia kwa milango mitatu: kwenye kayabo, kwenye kopo la chumvi, na kwenye magadi ambayo hayana ladha ya chumvi lakini ni sodiamu vile vile. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazifiki hata kijiko cha chai kilichojaa. Mama mdogo alikuwa anazimaliza kabla ya adhuhuri.

Tangu siku ile kayabo analowekwa usiku kucha na maji yanabadilishwa mara mbili, na haliwi zaidi ya mara moja kwa wiki. Siku nyingine ni sato mbichi au dagaa wasio na chumvi. Mchuzi unapata ladha kwa ndimu, kitunguu saumu na nyanya. Magadi yameondoka. Presha imeshuka, alhamdulillah. Lakini dawa bado anameza, na asije mtu akasema kwamba nimeandika hapa kuwa chakula kinatosha bila dawa. Sikuandika hivyo.

Swali langu ni hili: kwa nini elimu ile imfikie daktari mtarajiwa kwa bahati ya kualikwa chakula? Kwa nini isiwe sehemu ya masomo yake, ya lazima, yenye mtihani?

Tatizo la dunia nzima

Nisieleweke kuwa nawalaumu walimu wetu. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet Planetary Health lilichapisha mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali kuhusu namna wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa lishe. Jibu lilikuwa moja kwa nchi tajiri na zisizo tajiri: lishe haifundishwi vya kutosha, na wahitimu wenyewe wanakiri kuwa hawana ujasiri wa kumshauri mgonjwa juu ya chakula. Daktari anafahamu jina la kila vitamini, lakini mgonjwa akimwuliza "sasa leo usiku nipike nini?" anabaki kutazama karatasi.

Wenzetu wengine wameanza kutafuta dawa ya tatizo hili. Chuo Kikuu cha Tulane, kilichoko New Orleans nchini Marekani, kilianzisha mwaka 2012 jiko la kufundishia wanafunzi wa udaktari. Aliyeliongoza, Dk. Timothy Harlan, alikuwa mpishi na mwenye mkahawa kabla hajasomea udaktari. Wanafunzi wanavaa aproni, wanakata vitunguu, wanapika, wanakula walichopika, huku wakijadili mgonjwa wa moyo au wa kisukari. Kisha wao wenyewe wanageuka kuwa walimu wa upishi kwa wananchi wa kawaida wa mji ule. Mtaala wao umechukuliwa na vyuo vingine vingi vya udaktari huko Marekani.

Je, inasaidia? Hapa inabidi tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Mwaka 2015 walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 27 wa kisukari. Waliofundishwa jikoni walipata nafuu zaidi kwenye presha na kwenye lehemu ya damu kuliko waliopewa ushauri wa kawaida, lakini kwenye kipimo cha sukari yenyewe tofauti haikuonekana wazi. Wagonjwa 27 ni wachache. Lakini mimi sihitaji jaribio la watu 10,000 kuniambia kwamba mtu hawezi kufundisha asichokijua.

Wala jambo la tiba na jiko kuwa chini ya paa moja si geni katika ustaarabu wetu. Hospitali ya Sultani Qalawun pale Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na jiko lake la kupikia wagonjwa, na matabibu wa kale, akiwemo Ibn Sina, walihesabu chakula kuwa ni sehemu ya tiba. Nimelitaja hili kwa sababu najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Wamarekani.

Yale yasiyosomeka kitabuni

Chukua mfano wa sahani. Vitabu vya lishe siku hizi vinachora sahani ya duara: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo samaki, nyama au maharage. Ni mchoro mzuri. Lakini nyumba ngapi za Kirumba zinakula kila mtu na sahani yake? Sisi tunakula kwenye sinia. Ugali mlima katikati, bakuli la kitoweo pembeni, mikono sita au minane. Nani atapima robo? Na mgonjwa akitengewa sahani yake peke yake anajiona kama ameondolewa katika watu. Mgeni akiwepo ndiyo kabisa, atajilazimisha kula na wenzake kama kawaida ili asionekane mgonjwa. Nimeshuhudia mzee mmoja akiacha masharti yote ya kisukari kwa sababu tu ya aibu ya kula peke yake.

Mama mdogo alipata njia yake mwenyewe. Sinia ni lile lile. Ila anaanza na bakuli la mboga kabla mkono haujagusa ugali, na kipande chake cha ugali, saizi ya ngumi yake, kinakatwa na kuwekwa mbele yake kwenye sinia hilo hilo. Kikiisha, kimeisha. Hakuna mtu aliyesema lolote. Daktari aliyekaa kwenye jamvi na kula katika sinia anaweza kulifikiria jambo kama hilo. Aliyejifunzia kwenye mchoro wa sahani hawezi.

Mfano wa pili ni uji wa mtoto, na huu naomba msomaji univumilie nirefushe kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanapopotea. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Tumetoka mbali, maana mwaka 2010 ilikuwa asilimia 42, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Mtoto wa miezi minane tumbo lake ni dogo. Ukimpa uji mwepesi, amekunywa maji mengi na unga kidogo, ameshiba na bado ana njaa. Ukiuongeza unga, uji unakuwa mzito kama gundi, hawezi kuumeza. Mama anafanyaje?

Watafiti wa Kitanzania walilishughulikia swali hili tangu miaka ya 1980, na jibu wakalikuta kwa bibi zetu: kimea. Unaloweka mtama au ulezi, unauacha uchipue siku mbili tatu, unaukausha, unaondoa vichipukizi kwa kupekecha, unasaga. Kuondoa vichipukizi si urembo. Machipukizi ya mtama yana sumu ya jamii ile ile ya muhogo mchungu. Kisha unapika uji mzito kweli kweli, unauepua upoe kidogo, unatia kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Ndani ya dakika chache uji ule uliokuwa unashika mwiko unalegea na kumiminika, na unga ndani yake haujapungua hata chembe. Unaurudisha motoni uchemke kidogo, unampa mtoto.

Mwanafunzi anaweza kusoma kwamba kimeng'enya cha amilesi kinavunja wanga. Atajibu mtihani. Lakini asipouona uji ukilegea mkononi mwake, hatauamini, na asipouamini hatamwambia mama yeyote. Atasema tu "mpe mlo kamili". Na tena atajifunza kwa kuunguza: akitia kimea wakati uji bado unatokota, hakifanyi kazi, kwa kuwa joto limekiua. Hilo mama wa kijijini analijua bila neno amilesi.

Hapo hapo kwenye uji wa mtoto kuna suala la unga wa lishe. Akina mama wengi wanachanganya mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, na wengine dagaa, wote wanasagwa pamoja na kuwekwa kwenye ndoo kwa mwezi mzima. Nia ni njema. Lakini karanga zina mafuta, zikisagwa na kukaa zinachacha, na zikiwa na ukungu zinabeba sumukuvu, sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi. Karanga zinatakiwa zichambuliwe kwa mkono, moja moja, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitupwe, na zitiwe kwenye uji siku ile ile ya kupika. Muweke mwanafunzi wa udaktari achambue karanga kilo 2 kwa saa nzima. Mgongo utamuuma, ndipo atakapojua anamwomba nini yule mama mwenye watoto watano anapomwambia "chambua karanga vizuri".

Usafi nao unajifunzwa hivyo hivyo. Dagaa walioanikwa kwenye mchanga wanakuja na mchanga wao, na kwato za mbuzi zimepita juu yake. Walioanikwa kwenye vichanja ni wengine kabisa. Ukiwaosha wale wa mchangani mara nne, mara ya nne maji bado yana kitu chini ya beseni. Hakuna picha kitabuni inayofundisha kama lile beseni.

Muhogo na miguu ya watu wa Tarime

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo madogo ya wanawake. Basi watazame kilichotokea jirani yetu tu, wilayani Tarime, mwaka 1985. Kulikuwa na ukame, na chakula kilichobaki kilikuwa muhogo mchungu. Kwa kawaida muhogo ule huvundikwa na kuanikwa siku kadhaa mpaka sumu itoke. Njaa haikungoja. Siku za kuvundika zikafupishwa, watu wakala. Wakaanza kupooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto, bila homa wala ajali.

Ugonjwa ule unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na hauna tiba. Aliyekakamaa miguu amekakamaa. Kinga yake yote iko jikoni: siku za kuloweka, kuvundika na kuanika. Hakuna sindano. Sasa fikiria daktari aliyepelekwa katika zahanati ya kijiji kama kile, hajui udaga unatengenezwaje, hajawahi kuuliza muhogo umevundikwa siku ngapi. Atatafuta polio, atatafuta uti wa mgongo, atatafuta kila kitu isipokuwa lile swali moja linalohusika. Watafiti walioshughulikia konzo ya Tarime ilibidi wafuatilie muhogo mpaka kwenye nyumba za watu, kutazama unavyoandaliwa.

Kanda yetu ya Ziwa inakula muhogo. Ukame haujaisha duniani.

Wanaopinga

Nimelizungumza jambo hili na watu kadhaa na majibu nimeyapata. La kwanza: wapo maafisa lishe, kila mtu na kazi yake. Ni kweli wapo, na nawaheshimu, lakini ni wachache, na mgonjwa wa Kirumba akitoka hospitali neno analolikumbuka ni la mwenye koti jeupe. Daktari akisema "kula samaki kwa wingi", afisa lishe atalirekebisha wapi, na mgonjwa hakupelekwa kwake? Kwanza daktari aliyepika mara moja ndiye atakayejua wakati wa kumpeleka mgonjwa kwa afisa lishe.

La pili: ratiba yao imejaa. Sikatai. Lakini utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 26 ya watu wazima wa Tanzania wana presha na asilimia 9 wana kisukari. Kwenye upungufu wa damu, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Daktari atakutana na watu hawa kila siku ya maisha yake, ilhali yapo magonjwa aliyoyasoma kwa wiki nzima ambayo hatayaona mpaka anastaafu. Mama mwenye upungufu wa damu anapewa vidonge vya madini ya chuma, kisha anakwenda kunywa chai ya rangi juu ya mlo, chai inayozuia madini yale yale yasiingie mwilini. Kuisogeza chai mbele kwa saa moja au mbili na kukamulia ndimu kwenye mboga hakugharimu kitu. Nani anamwambia?

La tatu lilisemwa kwa kicheko: mwanaume mzima, daktari, akasonge ugali wa watu? Hili halinisumbui. Kila aliyepita madrasa anajua kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akisaidia kazi za nyumbani mwake. Na wapishi wa shughuli zetu zote, wale wa masufuria makubwa ya pilau, si ni wanaume? Aibu imeingia wapi?

Nitakachokikubali ni hoja ya gharama, kwa sehemu. Jiko la Tulane lina vyombo vya mamilioni. Lakini sisi hatuhitaji jiko lile, na hata tukipewa bure nitakuwa na wasiwasi nalo. Mwanafunzi akijifunza kwenye jiko la gesi lenye maji ya bomba atatoka anajua kupika kwa watu wenye gesi na maji ya bomba. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, nasi tunauombea ufanikiwe, lakini leo maharage ya Kirumba bado yanachemka kwenye mkaa, na bei ya mkaa ndiyo inayoamua kama nyumba itapika maharage au itakula chipsi. Mwanafunzi apulize jiko, moshi umwingie machoni. Atajua na kifua cha mama yule kinapitia nini.

Pendekezo langu

Mwanza tuna bahati. Pale Bugando, juu ya kilima, kuna hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo kinachosomesha madaktari tangu mwaka 2003. Ni taasisi ya ndugu zetu Wakatoliki, lakini wagonjwa wake ni sisi sote, na wahitimu wake wanatutibu sisi sote. Vyuo vingine vya afya vya nchi hii havina sokoni mwao dagaa, kayabo, sato, michembe, udaga na mlenda kwa siku moja. Darasa liko tayari, linanuka samaki.

Wanafunzi wagawanywe wanne wanne, wapelekwe katika nyumba za watu, Jumamosi chache tu kwa mwaka. Mwalimu awe mwenye nyumba. Afisa lishe wa manispaa aambatane nao. Mwenye nyumba alipwe, tafadhali, asipewe fulana. Mtihani uwe hivi: mwanafunzi apewe shilingi 10,000 na habari za familia ya watu sita yenye mgonjwa mmoja wa presha na mtoto mmoja wa mwaka mmoja. Aende sokoni, anunue, apike, kila mtu ale na mgonjwa asidhurike. Akipunjwa bei na wauza nyanya, hayo nayo ni masomo.

Na pawepo na darasa moja katika mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na wenzao wametoa mwongozo kwa madaktari juu ya wagonjwa wanaofunga, mwaka 2016 na tena mwaka 2021, unaoeleza nani anaweza kufunga kwa usalama na nani hatakiwi, na dawa zibadilishwe vipi. Mwongozo unazungumzia pia mlo. Lakini mwongozo uliotungwa mbali haujui futari yetu: uji wa sukari, kisha tende, kisha viazi vitamu na mihogo, kisha tambi za sukari, kisha kalimati zilizozama kwenye shira, vyote ndani ya nusu saa, kwa mtu ambaye dakika kumi kabla ya adhana sukari yake ilikuwa imeshuka mpaka mikono inatetemeka. Kila mwaka tunawabeba watu hawa kuwakimbiza hospitali usiku. Daktari aliyesimama jikoni saa kumi na moja jioni akasaidia kukaanga kalimati hatamwambia mgonjwa "usile vitamu" na kumaliza. Atamwambia tende moja au mbili, uji usio na sukari wenye pilipili manga, supu ya dagaa au kunde, akaswali, kisha ndiyo ale kipande cha kiazi kimoja badala ya vitatu. Atajua pia kwamba yule mama mpishi anaonja huku na huku akishafuturu, na kuonja kule hakuhesabiwi na mtu.

Akina mama wa misikiti yetu wanaweza kulianza hili hata kabla vyuo havijakubali. Wanafunzi wa udaktari Waislamu wapo, wanaswali Ijumaa pamoja nasi, wengi wako mbali na nyumba zao na wana njaa ya chakula cha nyumbani. Mama mdogo amekwishasema kwamba kwake wanne wanaenea. Masharti yake ni mawili tu: wafike kabla ya saa nne asubuhi, maana baada ya hapo anakwenda Mwaloni, na waje na mkaa wao.